Taka za Kusanyiko Huanzia Kwenye Kikao cha Kamati



Mimi ni mama wa Kilutheri kutoka usharika ulio kwenye miteremko ya Kilimanjaro, juu kidogo ya mji wa Moshi. Nimetumika katika Idara ya Wanawake kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya utumishi huo imekuwa jikoni: kuni, sufuria, mchele, foleni ya chakula. Mtu wa jikoni huiona sherehe ya kanisa kuanzia alfajiri hadi mwisho kabisa. Wageni huona kwaya, tarumbeta na mahubiri, lakini sisi hubaki na uwanja baada ya magari kuondoka. Kwa hiyo ushuhuda wangu unahusu taka, na namna Mungu alivyozitumia kutubadilisha sisi tunaomwabudu juu ya ardhi hii.

Usharika kama wetu hukusanya watu wengi mara nyingi kwa mwaka. Kuna kipaimara, ambapo kila mtoto huja na ukoo mzima. Kuna siku ya mavuno, kongamano la vijana, semina ya akina mama, mikesha na ziara za viongozi wa dayosisi. Kisha inafika Desemba. Wachagga wenzetu walioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo wanapanda nyumbani kula Krismasi, na kanisa linafurika hadi viti vinapangwa nje chini ya miti. Kila kusanyiko linakula, na kila kusanyiko linakunywa.

Nilipokuwa binti, makusanyiko hayo hayo yaliacha taka kidogo sana. Soda zilikuja kwenye makreti, na chupa ya kioo ilikuwa na mwenyewe; ikipotea, kamati ililipa. Sahani na sufuria ziliazimwa majumbani, na kila mama alipaka alama yake ya rangi chini ya sahani ili jioni kila chombo kirudi kwao. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa ng'ombe, makombo kwa nguruwe, majivu ya kuni kwenye migomba. Kihamba chenyewe, yaani shamba la nyumbani, kinaishi kwa mzunguko huo: mgomba unamlisha ng'ombe, samadi inaurutubisha mgomba, na kivuli cha mgomba kinaitunza kahawa. Kilichotoka shambani kilirudi shambani. Hatukuwa na gari la taka kwa sababu hapakuwa na cha kulipakia.

Baadaye vikaja vyombo vya kutupa, na vilipokewa kwa furaha. Nafuu yake ilikuwa ya kweli na sitaibeza. Mama aliyeamka saa kumi usiku kupika hakulazimika tena kuinama kwenye mabeseni kuosha mamia ya sahani wakati wenzake wanaimba. Chakula kikaanza kupakuliwa kwenye boksi nyeupe nyepesi na sahani laini za plastiki. Soda za chupa ya kioo zikawapisha soda za chupa ya plastiki. Maji ya chupa, yaliyokuwa ya meza kuu peke yake, yakagawiwa kwa kila mtu. Juisi zikaja kwenye boksi zenye mirija. Lakini kijijini kwetu njia ya kuondoa taka ilibaki ile ile ya wakati wa maganda ya ndizi. Mji wa Moshi umesifiwa kwa usafi kwa miaka mingi na una magari yake ya taka, ila magari hayo hayapandi hadi kwetu. Tulikuwa na shimo nyuma ya kanisa na kiberiti.

Moto wa shimo hilo ulikuwa ukiwashwa Jumatatu. Plastiki ikiungua kwenye moto mdogo wa namna hiyo haiteketei yote. Hutoa moshi mzito wenye sumu, dayoksini zikiwa miongoni mwake, na huacha donge jeusi ambalo haliungui wala haliozi. Upepo ukigeuka, moshi uliingia kwenye darasa la chekechea ya kanisa. Walimu walikuwa wakifunga madirisha na kuwaimbisha watoto ndani.

Kilichotuamsha kilikuja baada ya kongamano moja la vijana wakati wa masika. Mvua kubwa ilinyesha usiku ule kabla taka hazijafika shimoni, na maji yakashuka na kila kitu hadi kwenye mfereji. Asiyeifahamu nchi yetu ajue kwamba mifereji hii ilichimbwa na mababu kabla ya wakoloni kufika. Inashusha maji ya mlimani kutoka kihamba hadi kihamba, watu wanayatumia kwa zamu, na kuusafisha mfereji ni kazi ya wote. Anayeuziba mfereji anawazibia wote walio chini yake.

Siku chache baadaye, jirani yetu mmoja, mzee wa rika la baba yangu, alifika ofisini kwa mchungaji akiwa amejitwika kiroba. Nilikuwepo, tulikuwa tunafunga hesabu za chakula.

"Shikamoo, Mzee," mchungaji alisimama kumpokea.

"Marahaba, Baba Mchungaji. Nimewarudishia vitu vyenu."

Akakiweka kiroba sakafuni, akakifungua. Ndani mlikuwa na boksi za chakula na za juisi, chupa, makopo, vijiko vya plastiki, na karatasi za ratiba ya kongamano zenye jina la usharika wetu juu yake.

"Mfereji umeziba kwenye kona ya kwangu," alisema. "Wenzangu wa chini hawakupata maji. Na ndama wangu nimemkuta anatafuna mfuko, nikamwahi. Sikuja kugombana nanyi. Nimekuja ili mjue zinakofika."

Akanywa chai aliyokaribishwa, akaaga, akaondoka. Hakuna mahubiri yaliyowahi kunichoma kama maneno yale machache. Sote tunaofuga tunajua kilichokuwa kinamngoja yule ndama. Mfuko wa plastiki hausagiki tumboni mwa mnyama. Hukaa humo, hukutana na mwingine na mwingine, hadi mnyama anadhoofika na huku anakula.

Mchungaji alilipeleka jambo lile kwenye baraza la wazee, akawaalika na wakuu wa idara. Mapendekezo ya kwanza yalikuwa yale ambayo ungeyategemea: shimo lichimbwe kubwa zaidi, uzio ujengwe kuzuia taka zisisombwe, tulipe vijana wa kuokota. Yote yalianza pale ambapo taka zimekwisha kuwepo. Mchungaji akawaacha wamalize, kisha akafungua Injili ya Yohana sura ya 6, habari ya mikate mitano na samaki wawili. Tulitegemea neno juu ya muujiza, lakini yeye alisimama mahali pengine. Alituonyesha kwamba watu walipokwisha kushiba, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye masazo yote ili kisipotee kitu, wakajaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kulisha wanaume elfu tano kwa chakula cha mtoto mmoja hakuona masazo kuwa jambo dogo. Kisha akatupeleka kwa Marko, anayeeleza kwamba kabla ya kula watu waliketishwa makundi makundi, ya mia na ya hamsini. "Kusanyiko lilipangwa kabla ya mkate kumegwa," alisema. "Ndiyo maana masazo yaliweza kukusanywa."

Hapo akasimama kijana wetu mmoja anayefanya kazi ya upagazi mlimani. Alieleza kwamba Kilimanjaro watalii hawaruhusiwi kupanda na chupa za maji za kutupa, na kwamba taka za kila msafara hubebwa hadi chini na kupimwa kwenye mizani, ili kile kilichopanda kionekane kimeshuka. "Wazazi wangu," alisema, "ule mlima una mita 5,895. Taka zake tunazishusha kwa migongo yetu. Za uwanja ulio kando ya barabara zinatushindaje?" Baraza halikuwa na jibu.

Tukakubaliana kutafuta mtu anayeijua kazi hiyo atufundishe, na mtu huyo tulikuwa tukimwona kila mara. Kuna dada anayeokota chupa na chuma chakavu katika eneo letu. Baada ya mikutano alikuwa akisimama getini na salfeti lake akisubiri ruhusa, na mara nyingi aliambiwa aondoke kwa sababu anaharibu sura ya mahali. Safari hii aliitwa kwenye kikao, akapewa kiti mezani, akaombwa aseme. Alimwaga juu ya meza vitu vya kiroba kile cha mzee, akavitenga huku akieleza. Nimehudhuria semina nyingi, na ile ninaiweka miongoni mwa zile bora.

Alianza na chupa za maji na soda. Hizi, alisema, zina soko. Ukizigeuza utaona namba 1 ndani ya pembetatu ya mishale: ni plastiki iitwayo PET. Wanunuzi huzitaka zikiwa tupu, kavu na zimekanyagwa. Iliyobaki na maji huongeza uzito wa uongo na mnunuzi huikataa. Iliyomwagikiwa mchuzi au mafuta huzichafua na nyingine. Vizibo ni plastiki ya aina nyingine. Baadaye nilijifunza jinsi kiwanda kinavyovitenga: chupa hukatwa vipande vidogo, huoshwa na kutiwa majini, vipande vya PET huzama, vya vizibo huelea. Vile vilivyozama huyeyushwa na vingi hufanywa nyuzi za nguo, mazulia na mito.

Akaendelea na makopo ya alumini, akasema hayo ndiyo yenye bei kuliko vyote alivyovitandaza. Sababu yake inaeleweka: kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuitengeneza upya kutoka kwenye madini. Karatasi na maboksi makavu yana mnunuzi pia. Kisha akafika kwenye rundo kubwa kuliko yote: boksi nyeupe za chakula, sahani nyembamba, vijiko, mirija, boksi za juisi ambazo ndani yake zimebandikwa karatasi, plastiki na alumini pamoja. Akalisukuma pembeni kwa mkono.

"Hivi, Mama," aliniambia mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu, "hata ukinipa bure sivibebi. Havina pa kwenda."

Nilikuwa na daftari la manunuzi ya kongamano mkononi. Nikalitazama, na vile vitu visivyo na pa kwenda vilikuwa vimeandikwa humo kimoja kimoja, na bei yake, na sahihi ya kuidhinisha. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo limeongoza kila tulichofanya tangu siku ile. Taka za kusanyiko hazianzi watu wanapomaliza kula. Zinaanza kwenye kikao cha kamati ya maandalizi, pale orodha ya manunuzi inapopitishwa. Ukipitisha boksi nyeupe mia tano, umepitisha taka mia tano. Hakuna pipa wala mahubiri yatakayozigeuza kuwa kitu kingine. Kuchakata ni kuzuri, lakini kunafaa tu kwa kile ulichochagua mapema kwamba kitachakatika.

Kwa hiyo tulianza na orodha. Boksi nyeupe na mirija viliondoka kwanza. Makreti ya soda ya chupa za kioo yalirudi, kwa kuwa bado yanapatikana. Ratiba ikaandikwa kwenye mabango machache badala ya kuchapishwa kwa kila mtu. Juisi tukaitengeneza wenyewe kwa matunda ya hapa kwetu na kuigawa kwenye vikombe. Sahani tukazinunua za kudumu, za melamini, nyingi za kutosha kusanyiko la kipaimara, na fedha yake ilipatikana mnadani. Walutheri wenzangu wanaujua ule mnada wa baada ya ibada, ambapo mikungu ya ndizi, mayai na kuku waliotolewa sadaka huuzwa kwa kunadiwa nje ya kanisa. Kwa majuma kadhaa watu walinadi mkungu mmoja hadi ukawa na bei ya mbuzi, kwa ajili ya sahani.

Ulipokuja mjadala wa kuosha, akina mama tulisema wazi: tukirudishiwa mzigo wa zamani peke yetu, mpango huu utakufa. Wenzangu walikuwa na haki kabisa. Usafi wa mazingira unaobebwa na mgongo wa mwanamke mmoja si haki, na kanisa halina budi kulitazama hilo. Baraza likaamua kuosha kuwe zamu ya idara zote: vijana, kwaya, umoja wa wanaume, sisi. Mara ya kwanza wazee wa kanisa waliposimama kwenye mabeseni na kukunja mikono ya mashati, foleni ya kurudisha sahani ilinyooka yenyewe, hakuna aliyethubutu kuacha sahani yake chini ya kiti. Tunatumia mabeseni matatu: la kwanza maji ya moto yenye sabuni, la pili ya kusuuzia, la tatu maji safi yenye dawa, kisha uchanjani kwenye jua. Bwana afya wa kata alikuja kutuelekeza, na kipimo cha klorini ya maji ya kunywa alituandikia yeye. Kukitangazwa kipindupindu tunafuata agizo la afya kwanza.

Upinzani mkubwa ulikuwa kwenye maji. Tulipendekeza maji salama yawekwe kwenye mapipa yenye bomba, na kila anayekuja abebe chupa au kikombe chake. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema wageni watadhani usharika umefilisika. Hofu yake ilikuwa ya kweli, kwani kwetu mgeni huheshimiwa kwa anachowekewa mezani. Ikaamuliwa kwamba mabadiliko yaanzie meza kuu. Katika ziara iliyofuata ya kiongozi wa dayosisi, mezani palikuwa na majagi ya kioo yaliyofunikwa vitambaa vilivyodariziwa na akina mama, na glasi. Mgeni alipouliza, akaelezwa, akalitaja jambo hilo madhabahuni na kuwaombea waliolifikiri. Tangu hapo hakuna aliyetaja kufilisika. Watu huiga kile wanachokiona mbele.

Juu ya mapipa ya taka nina ushauri ambao tuliupata kwa kutazama watu wanavyotembea. Pipa moja pekee likisimama uwanjani litachanganya kila kitu, na taka zikishachanganyika hakuna atakayezitenga. Weka vyombo vitatu pamoja daima: cha chupa na makopo, cha mabaki ya chakula, cha vingine. Usitegemee maandishi, ning'iniza chupa halisi mbele ya kiroba cha chupa, na ganda la ndizi mbele ya ndoo ya makombo, hata mtoto na bibi asiyesoma wataelewa. Viweke mahali ambapo watu husimama wenyewe, yaani penye kunawa mikono na penye lango la kutokea. Na weka mtu hapo. Kwetu wanasimama wanafunzi wa kipaimara, wawili wawili. Hawakemei mtu, wanasalimia, "Shikamoo Mama, chupa ni huku," basi. Tangazo nalo litolewe na mchungaji mwenyewe kabla ya sala ya chakula, kwa sentensi mbili. Tangazo la mwisho wa ibada hakuna anayelisikia.

Vijana wa kipaimara walilipokea hili upesi kwa sababu wamelelewa katika njia hiyo. Dayosisi ya Kaskazini imewazoesha kwa miaka mingi kupanda miti kama sehemu ya mafunzo yao, na Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), amefahamika hadi nje ya nchi kuwa askofu wa miti. Mtoto aliyepanda mche na kuumwagilia kiangazi chote hahitaji kushawishiwa sana kwamba mfereji usizibwe kwa plastiki. Alichohitaji ni kazi ya kufanya, akapewa.

Baada ya kusanyiko, makombo huenda kwa wafugaji siku hiyo hiyo, maganda na majani kwenye shimo la mboji. Mboji inanadiwa, na wakulima wa mboga wanaigombea. Chupa zilitupa shida ambayo hatukuitarajia: ni nyepesi mno. Kupeleka chupa Moshi mjini ni kama kusafirisha hewa, nauli inameza bei yote. Yule dada ndiye aliyetupa dawa. Zikanyagwe zote, zihifadhiwe kwenye kibanda chenye paa hadi zitoshe mzigo wa gari, na tuungane na wengine. Leo kibanda kile kinapokea chupa kutoka parokia ya Wakatoliki na kutoka msikiti wa jirani baada ya Maulidi. Mzigo ukitimia, gari la mnunuzi linapanda lenyewe. Dada yule husimamia upimaji na ana fungu lake la mauzo lililokubaliwa kwa maandishi. Getini hazuiwi tena, na Jumapili nyingi namwona kwenye benchi la tatu na wanawe.

Sitaki kumdanganya msomaji juu ya fedha. Mauzo ya chupa hayatajenga kanisa. Bei hupanda na kushuka, na kuna wakati gari limekaa muda mrefu bila kuja. Faida kubwa iko upande wa matumizi: kile ambacho kamati ilikuwa ikikinunua ili kikatupwe, sasa hakinunuliwi. Wala sitasema taka zimekwisha. Nepi za watoto, nailoni za vitafunwa na vitu ambavyo wageni wanakuja navyo bado vinakwenda shimoni, ila shimo limefunikwa, na moto hauwashwi tena karibu na watoto.

Wengine huniambia, "Mama, usharika mmoja utabadilisha nini?" Huwa nawakumbusha tarehe 1 Juni 2019, siku Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Wapo waliosema sokoni hapataendeka. Pakaendeka, vikapu vilirudi mikononi. Kenya walitangulia mwaka 2017, na Rwanda mapema zaidi, 2008. Tarehe 2 Machi 2022 mataifa yalikutana Nairobi na kukubaliana kuanza kutunga mkataba wa dunia nzima juu ya plastiki. Na katika taka zote za plastiki duniani, zinazochakatwa hadi mwisho ni takriban asilimia 9 tu. Takwimu hiyo inanifundisha kwamba kazi kubwa ni kutoviingiza vitu hivyo mahali petu tangu mwanzo, na kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa kamati yoyote ya watu saba chini ya mwembe.

Mabadiliko yametoka nje ya uzio wa kanisa. Kwetu msiba hukusanya watu kuliko harusi, na marehemu huzikwa kihambani kwake. Zamani wafiwa waliachiwa kazi ya kuokota chupa juu ya kaburi bichi la mpendwa wao. Sasa familia nyingi huja kuazima sahani za usharika na vyombo vitatu, na vijana wa kipaimara huenda navyo. Kamati za harusi nazo huuliza. Desemba, watu wa mjini wanapopanda, watoto wao ndio hujifunza kwa watoto wetu chupa inakwenda wapi. Yule mzee wa kiroba alikuja siku moja kwenye mavuno, akakaa, akala kwenye sahani ya melamini. Alimwambia mchungaji kwamba maji ya mfereji yanafika hadi chini.

Nami nimebadilika. Naliandika daftari la manunuzi kwa maombi, jambo ambalo sikuwahi kulisikia likifundishwa. Kabla ya kuandika kitu najiuliza kesho yake kitakuwa wapi, na kitampata nani. Nimeona kwamba upendo kwa jirani unaweza kukaa kwenye mstari mmoja wa bajeti, na kwamba ardhi ambayo Bwana alimpa mwanadamu ailime na kuitunza ni pamoja na uwanja wa kanisa siku ya Jumatatu.

Wapendwa, popote mlipo, iwe kanisani, msikitini, kwenye mkutano wa hadhara, kwenye mahafali au kwenye kamati ya harusi, nawaomba mambo matatu katika kikao chenu kijacho. Kabla ya kupitisha orodha, ulizeni kila kitu kitakwenda wapi kikishatumika, na kisicho na pa kwenda kifuteni. Mtafuteni mwokota chupa wa eneo lenu, mpeni kiti, msikilizeni, na mkubaliane naye malipo ya haki. Na kazi ya kuosha na kutenga igaweni kwa wote, wazee na wachungaji wakiwa mbele. Mkifanya hayo, jirani yenu hatakuwa na sababu ya kubeba kiroba kuwaletea.